Fomu ya Mayu Scolastika

Nyalwelo, Geita
4 Februari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeamua kushika kalamu, kwa sababu juzi kwenye simu ulinijibu mara tatu kwamba mvua huko ni nzuri, wakati mimi nilikuwa nauliza habari za mgongo wako. Masikio yapumzike. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la Kahama, nayo itaachwa Shinyanga kwenye ofisi ya vifurushi. Umtume mtu akuchukulie.

Jambo lenyewe ni makaburi. Kampuni iliyonunua mgodi mwaka juzi inataka kumwaga kifusi chake upande wa juu, kule kwenye mahame yenu, ambako ninyi mliondolewa na hakuna aliyeruhusiwa kurudi kujenga. Nyumba hazipo tena, ila wafu wetu bado wapo. Wametangaza kwamba kila kaburi litakaloandikiwa fomu, na fomu ikakubaliwa, litafukuliwa kwa heshima na mabaki yatahamishiwa makaburi mapya ya parokia. Lisiloandikiwa litafunikwa na kifusi. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 30 Aprili. Familia zenye wafu kule zimeunda kamati, na mimi nimefanywa katibu kwa kuwa nilifika kidato cha pili.

Kila kaburi lina fomu moja tu yenye namba yake. Shahidi anaeleza nani amelala pale, mahali gani, na yeye amejuaje, kisha anaweka dole gumba. Rosemary, binti anayepokea karatasi kwenye kontena la kampuni, anasema hata Kiswahili kinatosha. Lakini wazee hapa hawataki kusikia. Wanasema jambo la mgodi liandikwe kwa lugha ya mgodi, na kwamba haiwezekani ukoo wenye mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini na miwili upeleke karatasi bila yeye kuziona.

Basi tusahihishie, Baba Mkubwa. Wengine wote wanaogopa kukosea, na mimi naogopa zaidi yao kwa kuwa mwandiko ni wangu.

Mwanao,
Evelina Damian, Mama Adam


Kolandoto, Shinyanga
11 Februari 2024

Evelina mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni mbaya na mvua ni nzuri. Sasa nimejibu maswali yote mawili.

Andikeni kwa Kiingereza. Nitakueleza sababu mara moja. Mwaka 1998 walipotuondoa, barua yetu ya malalamiko iliandikwa na mtendaji wa kijiji kwa Kiingereza chake. Mimi nilikuwa hapa, nimemleta mama yako mkubwa, Suzana, kutibiwa, na sikuiona mpaka ilipokwisha kupelekwa. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: barua yenu haieleweki. Nakala ninayo hadi leo, na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Ina sentensi kumi na nne. Kati ya hizo, zilizo kamili ni tatu. "Because our houses." Kwa sababu nyumba zetu, kisha nukta. "And the cassava in the farm." Na mihogo shambani, kisha nukta. Nyumba zilifanyaje? Mihogo ilipatwa na nini, na nani aliyeitenda hivyo? Msomaji ameachwa njiani. Upande mzima wa juu uliondoka kwa vipande kumi na kimoja. Sitakubali wafu nao waondoke hivyo.

Nisome taratibu. Sentensi kamili ya Kiingereza ina mtenda, ina tendo lake, na wazo lake limefika mwisho. Darasani nilikuwa na kipimo kimoja ambacho hata wavivu walikikumbuka. Mtu anakuja mlangoni kwako, anasema maneno hayo tu, anageuka na kwenda zake. Ukibaki umekaa kwa kuwa umeelewa, hiyo ni sentensi. Ukiinuka kumfuata barabarani kumuuliza "kisha?", hicho ni kipande. Aje aseme "The rain stopped," yaani mvua imekatika, utatoka ukaanike mahindi. Aje aseme "When the rain stopped," mvua ilipokatika, halafu aondoke, utamfuata. Neno moja limeongezwa mbele, na sentensi iliyokuwa nzima imeharibika. Wanafunzi wangu hawakukubali kamwe kwamba kuongeza kunaweza kupunguza.

Jihadhari pia na vipande vinavyojifanya vizima. "My father, buried beside the church." Kuna baba, kuna kuzikwa, kuna kanisa, lakini hakuna sentensi, kwa kuwa tendo halijasimama kwa miguu yake. "My father is buried beside the church." Sasa limesimama.

Mimi sina kaburi katika orodha yenu. Suzana yuko hapa, hatua mia mbili kutoka kwenye meza hii. Yule mtoto wetu wa siku tisa alizikwa Ushirombo, kwa akina mama yake, na bibi yake, wakati mimi niko Mwanza nasahihisha mitihani, na mambo ya namna hiyo ni ya wanawake. Kwa hiyo nitafanya kazi ya wenzangu bila haraka na bila upendeleo.

Nitumie rasimu kwanza. Nikishazipitia ndipo uzinakili kwenye fomu.

Baba yako mkubwa,
Wilbard Ndaki


Nyalwelo
25 Februari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Kipimo chako cha mlangoni kimekuwa mchezo hapa nyumbani. Jana mume wangu Maduhu katoka machimboni, kasimama mlangoni, kasema "Ugali," kageuka kwenda. Nikamwambia hicho ni kipande, siinuki. Akarudi akasema, "Mimi nina njaa." Nikamwambia hapo umekamilisha, lakini bado siinuki.

Huyo huyo anatucheka. Anasema siku hizi hata marehemu wanafanyishwa mtihani wa Kiingereza. Fomu tatu za ukoo wake kaziandika mwenyewe kwa Kiswahili, akazipeleka kwa Rosemary siku ileile. Nimemwambia atajuta.

Nakuletea rasimu nane. Ya baba niliandika mwanzoni, "Who died in 1996," yaani ambaye alifariki, nikasimama nayo mlangoni, nikaona mwenyewe kwamba ningejifuata. Nikaibadilisha.

Ya tisa si rasimu, ni fomu yenyewe, na naomba uitunze. Ni ushahidi wa Mayu Scolastika. Utakuwa unamkumbuka. Ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki hapa, na macho yamekwisha kabisa. Aliniita akasema atasema mara moja tu, kwa hiyo nije na karatasi ya kweli na wino wa dole. Alisema kwa Kisukuma, nikaweka kwa Kiingereza vilevile alivyotamka: "Behind the kitchen. Where the broken stone is. Small." Nyuma ya jiko. Pale kwenye jiwe lililovunjika. Kidogo. Kisha akanyoosha kidole nimpakie wino. Nikamuuliza kama kuna la kuongeza, akafutia kidole kwenye kanga.

Najua ni vipande. Sikujua la kufanya, ndiyo maana naileta.

Wabeja, Baba Mkubwa, kwa taabu unayoipata.

Evelina


Kolandoto
6 Machi 2024

Evelina,

Marahaba. Rasimu nane zinarudi na barua hii. Umefanya vizuri kuliko wengi niliowapa cheti. Ile ya mdogo wangu Damian nimeisoma mara mbili, mara ya pili si kwa ajili ya kusahihisha. "My father Damian is buried under the third fig tree. He died in 1996. I washed his feet." Baba amezikwa chini ya mkuyu wa tatu, nawe ulimwosha miguu. Hata mimi nisingeongeza neno. Nakili zote, waite mashahidi waweke dole, uzipeleke.

Ya Mayu Scolastika nimebaki nayo.

Nikiri jambo. Uliniambia niitunze, nami nilikusudia kuiandikia maoni kwenye karatasi ya pembeni. Lakini nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nyekundu kwa ajili ya zile nane, na nilipoifikia hii mkono ulikwenda wenyewe. Nimepiga mstari chini ya vipande vyote vitatu, na pembeni nikaandika kwa Kiingereza: nani, nini, kamilisha. Mstari mmoja umegusa alama ya dole, kidogo tu. Mkono uliofanya kazi moja miaka thelathini na miwili hauombi ruhusa. Utaomba fomu nyingine, huyo binti hatakosa karatasi.

Sasa nenda kwa Mayu umuulize ninayouliza mimi. Jiko la nani? Kidogo ni kitu gani? Nani amelala pale? Nahisi jibu, nami nalisema ili usione haya kulisema. Nadhani ni mtoto wake mchanga, wa zamani. Najua mila zetu. Mtoto ambaye hajaota meno huzikwa na wanawake karibu na jiko, mwanaume hafiki pale, na jina lake halitajwi. Hata mimi nimeishi chini ya mila hiyo, tena kwa utii, kama ulivyosoma. Lakini kifusi hakijui mila, na mtu wa kampuni atakayesoma "Small" peke yake kwenye mstari atadhani tumezika kuku.

Aseme: mtoto wangu fulani amezikwa nyuma ya jiko langu. Mtenda, tendo, mwisho. Ni maneno machache sana kumwomba mtu ili mwanawe asifunikwe.

Nilipokuwa kijana niliamini mtu anayesema nusu ana uvivu wa nusu ya pili. Siku hizi naamini mara nyingi ana woga. Yote mawili yanatibika kwa swali lililonyooka.

Wilbard Ndaki


Nyalwelo
19 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nilikwenda kwa Mayu Scolastika. Nilimsomea maswali yako yote matatu. Akasema, "Mwambie mwalimu nimemaliza kusema." Hakuongeza lingine. Anakohoa, na tangu wiki iliyopita anakunywa uji tu, tena kwa kubembelezwa.

Nilikwenda pia kwa Rosemary. Fomu nyingine hatoi, kwa kuwa kila namba ni ya kaburi moja kwenye ramani yao, na ramani imekwisha kufungwa. Nane zetu zimepokelewa. Za Maduhu pia zimepokelewa, za Kiswahili.

Baba Mkubwa, naomba uirudishe hii kama ilivyo. Wino wako nitauelezea mwenyewe pale kontena. Usimuulize Mayu tena, wala mimi usiniulize. Nakuomba bila kukupa sababu. Ningekuwa mwanaume ningekuambia, lakini ningekuwa mwanaume pia nisingejua.

Evelina


Kolandoto
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Evelina,

Barua yako imenifikia jana. Nimelala nayo na nimeamka nayo.

Unaniomba nipeleke mbele ya kampuni karatasi ambayo najua, kwa elimu niliyo nayo, kwamba itarudishwa na neno lilelile: haieleweki. Unaniomba hivyo bila sababu. Mimi nimekaa ugenini miaka ishirini na sita kwa sababu ya karatasi iliyopelekwa na watu waliosema itatosha. Mwenzangu mmoja wa Nyalwelo alikufa hapa Kolandoto akiwa bado ameweka ufunguo wa mlango uliokwisha kubomolewa. Usiniambie itatosha.

Za Maduhu zimepokelewa, unasema. Kupokelewa si kukubaliwa. Hata barua ya mwaka 1998 ilipokelewa, tena ikapigwa muhuri.

Siirudishi mpaka ikamilike. Una mwezi mzima. Mkae naye Mayu kwa upole, siku akiwa na nguvu, umfikishe kwenye neno moja tu, jina. Nikilipata hilo jina nitaandika sentensi ambayo hakuna mtu wa kampuni atakayeweza kuinyooshea kidole.

Sifanyi hivi kwa ukaidi. Nafanya kwa ajili ya huyo mdogo, awaye yote.

Pasaka njema kwako na kwa Maduhu na Adam.

Wilbard Ndaki


Nyalwelo
14 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Mayu Scolastika alifariki Jumanne. Tumemzika juzi kwenye makaburi mapya. Ndiye wa kwanza pale. Wale watakaohamishwa watamkuta.

Hakuna tena dole lingine. Lililo kwenye droo yako ndilo pekee. Tuma fomu kwa basi la kwanza, hivyo hivyo ilivyo.

Evelina


Kolandoto
18 Aprili 2024

Evelina mwanangu,

Poleni sana. Nilimfahamu Mayu Scolastika akiwa bado anabeba debe la maji kichwani bila kulishika. Bwana ampe pumziko la milele.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimejaribu kuufuta wino kwa ule ute mweupe wa makarani, ukazidi kuwa mbaya, nikaacha. Kwa hiyo nimeambatanisha karatasi safi niliyoiandika mwenyewe: "A small child is buried behind the kitchen, where the broken stone is." Mtoto mdogo amezikwa nyuma ya jiko, pale kwenye jiwe lililovunjika. Ni sentensi kamili, na haimtaji mtu. Nilikaa nayo jioni nzima kabla ya kugundua kwamba inawezekana hivyo. Ningeiandika Machi, kama ningekuwa natafuta njia badala ya kutafuta jina. Hilo nalikubali.

Mpe Rosemary zote mbili pamoja. Mwambie maneno ni ya shahidi na usahihi ni wangu.

Niandikie mara moja uniambie walivyosema.

Wilbard Ndaki


Nyalwelo
9 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Umeniandikia niandike mara moja na nimekaa wiki mbili. Nilikuwa nasubiri mambo yaishe ili niyasimulie yote pamoja, maana sitaweza kuyarudia.

Fomu ilikataliwa. Rosemary aliipeleka kwa mkubwa wake, akarudi nayo. Walisema imeandikwa juu yake baada ya shahidi kuweka dole, kwa hiyo hawawezi kujua maneno yapi ni ya shahidi na yapi ni ya mtu mwingine. Karatasi yako safi waliisoma, wakasema imeandikwa vizuri sana, lakini haina dole. Nikasema nitaweka langu. Wakaniuliza nimejuaje. Nikasema niliambiwa. Wakasema aliyeambiwa si shahidi. Nilimuuliza Rosemary, kama wino mwekundu usingekuwapo? Aliangalia chini. Alisema, "Dada, tungeipokea. Tulichokuwa tunatafuta ni mahali na dole."

Moja ya zile za Maduhu ilikuwa imeandikwa, "Babu yangu. Chini ya mkuyu. Kila mtu anajua." Ilikubaliwa siku ya kwanza. Sikuambii ili kukuumiza. Au labda nakuambia kwa ajili hiyo, sijui, nimechoka.

Wafu wetu walifukuliwa tarehe 3. Kila mmoja aliwekwa kwenye sanduku la mbao refu kama mkono wangu. Baba niliingia naye mimi mwenyewe kwenye gari. Jumanne malori yakaanza. Nilisimama nje ya uzio tangu asubuhi. Jiwe lilionekana mpaka saa nne.

Sasa nitakuambia ambalo sikukuambia.

Jiko lilikuwa la Mama Mkubwa Suzana. Mtoto ni wenu. Bibi wa Ushirombo alikuja kumchukua, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, wakamzika palepale, yeye na Mayu Scolastika na mama yangu. Alikuwa msichana. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyelivunja jiwe lake la kusagia, ili mtu yeyote asije akasagia juu ya mwanawe. Ndipo akaenda na bibi kukaa kwao ile miezi miwili, na wewe ukadhani alikwenda na mtoto kumzika. Mlipoondolewa, alimwomba Mayu amtazamie. Mayu alikuwa akipenya kwenye uzio na wanawake wa kuni, anafagia pale, mpaka macho yalipoisha.

Mama aliniambia haya akiwa kitandani kwa mwisho. Alisema baba wa mtoto haambiwi na mtu yeyote ila mkewe, tena mara moja tu, na baada ya hapo halitajwi. Alisema pia kwamba Mama Mkubwa aliwahakikishia wanawake wote kwamba alikuambia. Kwa hiyo uliponiandikia habari za Ushirombo nilidhani unafunika, kama mwanaume anavyotakiwa kufunika. Nikakuheshimu kwa hilo. Nikakuletea fomu nikijua kwamba ukiyaona yale maneno matatu utaelewa na kuyapitisha kimya.

Halafu ukaweka wino. Nikajua kwamba hujui, au umesahau, na sikuweza kuamua lipi ni baya zaidi.

Tarehe 19 Machi kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeandika neno moja tu, Suzana, na ungeituma fomu kwa basi la siku ileile. Niliogopa mila. Usiku sasa nauliza ni nini kilichomzika mara ya pili, mila yangu au wino wako.

Fomu wamenirudishia. Nimeiweka ndani ya Biblia ya baba.

Evelina


Kolandoto
23 Mei 2024

Evelina,

Msichana. Hata hilo sikuwa nalijua.

Huna kosa. Nakuandikia hilo kwanza ili hata kama hutasoma zaidi uwe umelisoma. Uliniomba kwa adabu zote ambazo mwanamke wa kwetu anaweza kumwomba mwanaume, nami nikakuomba kiima na kitenzi.

Suzana hakuwadanganya wanawake. Aliniambia.

Ilikuwa mchana, miezi miwili baada ya kurudi kwangu kutoka Mwanza, siku chache tangu yeye arudi kutoka kwao. Nilikuwa mezani na daftari za kidato cha tatu, nyingi, na kalamu mkononi. Alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshika kizingiti kwa juu, kama mtu anayepima urefu wake. Akasema, "Nyuma ya jiko. Pale kwenye jiwe." Mimi sikuinua kichwa. Nilidhani ni mayai, kulikuwa na kuku aliyekuwa akitaga ovyo. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya darasani, kwa utani, "Nini nyuma ya jiko? Kamilisha sentensi yako, Suzana."

Akaachia kizingiti. Kisha akasema, "Basi, Mwalimu."

Kabla ya siku ile alikuwa akiniita Wilbard. Tangu siku ile mpaka alipofia hapa Kolandoto aliniita Mwalimu, kama kijiji kizima kilivyoniita. Nilidhani ni heshima. Nilifurahi.

Mila ilimruhusu mara moja, na mara yenyewe ilikuwa ile. Nilisahau maneno yake kwa muda ambao mtu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka nusu. Mwaka huu yalinijia tena, yakiwa na dole la mwanamke aliyemfagilia mwanangu mpaka akapofuka, na kwa mara ya pili nikayapigia mstari.

Usiniletee fomu. Ikae hapo ilipo. Siku moja Adam akikuuliza mbona Biblia ya babu ina karatasi yenye wino mwekundu, mwambie.

Umewahi kunicheka kidogo kwa kipimo changu cha mlangoni, na ulikuwa na haki. Nilikifundisha miaka thelathini na miwili: mtu akisema kipande akageuka, inuka umfuate. Watoto wa watu waliinuka. Walikwenda mpaka kwenye kona ya darasa, wanacheka, wanaulizana "kisha?" Mimi niliyewafundisha nilibaki nimekaa.

Leo mchana nimeinuka. Mgongo umekataa mara mbili, mara ya tatu ukakubali. Nimefika mlangoni, nikashika kizingiti kwa juu, pale ambapo mkono wake ungefika. Barabarani hapakuwa na mtu.

Wilbard